Kitabu Kilichoishia Mlangoni

Mama yangu ana duka la sare za shule, na tangu mdogo wake atoe kitabu, hakuna mzazi aliyetoka pale na sketi bila kuoneshwa kitabu hicho. "Hii itamfaa mpaka mwakani, pindo nimeliachia. Soksi anazo? Na hiki hapa ni kitabu, kaandika mdogo wangu." Yote anayasema kwa sauti moja, bila kituo, kana kwamba kitabu nacho kimo kwenye orodha ya shule. Mama hajui kubembeleza mteja. Anakiweka kitu juu ya meza ya kukatia, anakitazama, kisha anakutazama wewe, na wewe unaona haya kukiacha.

Mimi nakaa kwenye cherehani ya pili, ile ya vifungo na mapindo, umri wangu huu na watoto wangu wawili. Kila siku nilikuwa namwona akiuza, na kila siku nilikuwa sielewi. Kitabu kile nilikuwa nimekisoma, na humo ndani Mama alikuwa mtu mbaya.

Nianze na mdogo mtu mwenyewe. Mama Mdogo anafanya kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno. Ndiye anayekwambia "kaa hapo, daktari anakuja" wakati shavu limekuvimba na huoni mbele. Riwaya yake aliiandika palepale mapokezini, kwenye kompyuta ya kazi, katikati ya mgonjwa na mgonjwa, ndiyo maana sura zake ni fupi. Alipomaliza akaipeleka kwa wachapishaji. Wa kwanza hawakujibu. Wa pili walimwambia asubiri, akasubiri mpaka aliyemwambia asubiri akastaafu. Basi akapiga moyo konde, akaichapisha mwenyewe kwa mpiga chapa wa mtaa wa pili, yule anayechapa kadi za mwaliko na kalenda.

Tangu hapo hajawahi kutoka nyumbani bila vitabu kwenye mkoba. Hakupeleka hata kimoja kwenye maduka ya vitabu, alisema hataki mtu wa kati. Alikuwa anamuuzia msomaji mkono kwa mkono, anamwandikia jina na neno la heri, na anachukua namba ya simu. Baada ya hapo, maskini ya Mungu, humpigia kumuuliza amefika wapi. Kuna watu walikimaliza kwa kuogopa simu tu.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," daktari alimtania siku moja, akimwona anamuuzia mgonjwa aliyetoka kung'olewa jino na mdomo bado una ganzi.

"Ndiyo maana umeweka bango kubwa barabarani, daktari?" akamjibu. Daktari alinunua viwili.

Sasa kuhusu hicho kitabu. Kinasimulia ndugu wawili wa kike walioachwa na wazazi mapema. Dada ni fundi cherehani, mdogo mtu ni msaidizi wake, na akili ya yule msaidizi haipo kwenye kitambaa, ipo kwenye vitabu vya kuazima. Siku moja anapiga pasi gauni la bibi harusi huku anasoma. Hadithi inanoga, pasi inasahaulika, gauni linaungua tundu lenye umbo la pasi, mbele, kifuani. Jioni ile dada anamtoa nje. Anamwambia, "Nenda kalale na kitabu chako," na anafunga mlango kwa komeo.

Ndugu msomaji, hiyo si hadithi ya kubuni. Gauni lilikuwepo, pasi ilikuwepo, na ukoo mzima unajua kwamba Mama Mdogo alilala kwa jirani. Ilitokea kabla sijazaliwa. Walipatana zamani, wakasimamiana harusini, wakazikiana, wakaleleana watoto, na habari ya gauni haikutajwa tena nyumbani kwetu. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, nami nilipofika ukurasa wa mwisho nikaona kweli hakupoa. Kitabu kinaishia hapo. Mlango unafungwa, komeo linaingia mahali pake, mdogo mtu anabaki nje na kitabu kwapani. Basi. Nilikigeuza nyuma nikakutana na picha ya Mama Mdogo anatabasamu, nikatamani kumzaba kibao.

Mama alikisoma baada yangu. Alikisoma dukani, mchana, miwani puani, wateja wanakuja anakifunika, wanaondoka anakifunua. Siku aliyomaliza nilijua kwa sababu alikaa muda mrefu bila kukata kitu, mkasi mkononi.

"Umemaliza?" nikamuuliza.

"Nimemaliza."

"Sasa, Mama, huoni kwamba..."

"Kitabu ni cha mtu," akanikata. "Si kikao cha ukoo. Niletee kile kitambaa cha bluu."

Kesho yake akampigia simu mdogo wake amletee boksi zima dukani. Hapo ndipo akili yangu ilipogoma. Mtu anaanikwa hadharani na ndugu yake wa tumbo moja, halafu yeye mwenyewe anashika upande wa pili wa kamba na kusaidia kuanika. Nilijiuliza kama hakuelewa alichosoma. Nilijiuliza kama anajiadhibu, au kama ni ile busara ya wakubwa ambayo sisi wengine hatujapewa. Nikabaki nashona vifungo kwa hasira. Nusu ya vifungo hivyo vilirudi.

Kilichonichanganya zaidi ni Mama Mdogo mwenyewe. Kila Jumamosi alipoleta vitabu vingine alinivuta pembeni, nyuma ya rafu ya masweta.

"Mama yako amekimaliza?"

"Amekimaliza, Mama Mdogo."

"Mpaka mwisho kabisa?"

"Mpaka mwisho."

"Na amesemaje?"

"Hajasema kitu."

Uso wake ulikuwa unanyong'onyea. Nikawa nasema moyoni, huyu mama ana moyo wa namna gani? Amemchoma mwenzake na anataka kusikia kelele? Sikujua kuwa yeye alikuwa anaondoka pale akilia. Baadaye aliniambia kwamba kitabu kizima alikiandika kwa ajili ya mwisho wake, na mwisho aliuandika kwa ajili ya mtu mmoja tu. Alikuwa anasubiri neno moja kutoka kwa dada yake, na dada yake anamuuliza kama safari hii ameleta nakala za kutosha.

Wakati huohuo wasomaji wakaanza kudai sehemu ya pili.

Wa kwanza alikuwa muuza miwani, jirani wa kliniki. "Mwandishi, sehemu ya pili lini?" Mama Mdogo akacheka, akadhani ni sifa. Akaja mwalimu wa kwaya na swali hilohilo. Akaja mama mmoja na mwanawe wa kuwekewa waya wa meno, akasema amekaa wiki nzima ana kinyongo. Dukani kwetu nako wazazi walikuwa wanarudi na sketi za kupunguzwa viuno na kuuliza, "Yule mtoto alilala wapi jamani?" Mama alikuwa anawajibu, "Alilala kwa jirani," bila kuinua macho.

Mama Mdogo akachanganyikiwa. "Sehemu ya pili ya nini?" aliniuliza. "Hadithi si imeisha? Kila mtu amekaa mahali pake. Au siku hizi watu hawajui tena hadithi ikiisha inafananaje?" Mimi nikamwangalia. Niliona jinsi anavyojitoa ufahamu, nikanyamaza kwa heshima tu. Naye akaona huenda wasomaji wana haki, mteja ni mfalme, akaanza kuandika hiyo sehemu ya pili. Kwa hesabu yake dada na mdogo mtu walikuwa tayari wamepatana, kwa hiyo akakosa cha kuwagombanisha, akawaletea mafuriko.

Aliyekata mzizi wa fitina ni dereva wa lori mwenye jipu la jino. Alikuwa anasubiri zamu yake mapokezini, shavu limefungwa kitambaa, kitabu chake cha kusainiwa mapajani.

"Mwandishi," akasema kwa upande mmoja wa mdomo, "ulifanya vibaya. Mlango unafungwa, halafu basi?"

"Mlango si ulifunguliwa, baba?"

"Ulifunguliwa na nani?"

"Na dada mtu. Si alikuwa amesimama nyuma yake muda wote?"

"Nyuma ya nini?"

"Nyuma ya mlango."

Dereva akamtazama vile watu wanavyowatazama wagonjwa wa homa. Mama Mdogo akamnyang'anya kitabu amwoneshe. Akafungua mwisho. Akarudi nyuma, akaenda mbele, akakipindua, akakitingisha kana kwamba sura imekwama mahali na itadondoka. Akachukua kingine mkobani, kisha kingine. Vyote vilikuwa vinaishia kwenye komeo. Sura ya ishirini haikuwemo.

Alikuja dukani na koti la kazi mwilini, jina la kliniki kifuani, wagonjwa amewaachia mlinzi. Mama alikuwa ameenda kununua vitambaa. Mama Mdogo akaenda moja kwa moja kwenye rafu, akafungua nakala baada ya nakala, kisha akakaa chini kwenye bunda la kaki.

"Mwanangu," akasema, "wewe ulisoma mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho."

"Mwisho upi?"

"Mlango, Mama Mdogo. Mama anakufungia mlango."

"Na yeye? Naye kaishia hapohapo?"

"Kaishia hapo. Kungekuwa na pengine?"

Akashika kichwa kwa mikono miwili. Hakulia. Alikuwa anarudia jambo moja tu, kwamba dada yake amekaa na mlango ule miezi yote hii, na amekuwa akiuuza kwa mikono yake mwenyewe. Hapo hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nilimletea maji, nikayanywa mwenyewe.

Tulikwenda kwa mpiga chapa. Karakana yake ni chumba kirefu chenye harufu ya gundi na wino, mashine ya kukatia karatasi inafanya sakafu iteteme. Alimsikiliza Mama Mdogo mpaka mwisho, akajikuna shingo, akatueleza kwa upole kama anatufundisha kusuka. Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa huchapwa pande zote mbili, hukunjwa na kukunjwa tena mpaka zikapatikana kurasa kumi na sita, na hilo ndilo kunjo. Makunjo hupangwa kwa zamu, hushonwa pamoja, ndipo jalada likabandikwa. Kunjo moja likisahaulika, kitabu hakilalamiki.

"Na langu la mwisho liko wapi?" akauliza Mama Mdogo.

Mpiga chapa akatazama huku na huku, kisha macho yake yakatua pembeni, ambapo birika la chai lilikuwa juu ya mafurushi ya karatasi yaliyofungwa kamba. Akalitoa birika. Akasoma karatasi ya juu, yenye duara la kahawia la chai.

"'Sura ya Ishirini,'" akasema. "Hii? Mimi nilidhani ni ya yule bwana wa kijitabu cha ufugaji wa kuku. Nikasema atakuja kuulizia."

"Sura ya ishirini ya kuku?"

"Mama, sisi hatusomi, tunachapa. Lakini wewe si ulikuja ukakagua, ukasema safi?"

Ni kweli alikwenda. Alitazama jalada, akatazama picha yake nyuma, akanusa karatasi, akalia machozi ya furaha, akaagiza taksi. Kitabu chenyewe hakukifungua. Alikuwa amekisoma kwenye kompyuta mpaka amekichoka, kama mpishi asiyeweza kula alichopika. Na kwa bahati ambayo sijui niiite mbaya au nini, sura ya kumi na tisa iliishia kwenye nukta, chini kabisa ya ukurasa, mahali ambapo mtu yeyote angeamini kwamba ndipo hadithi ilipokata roho.

Nilichomoa kunjo moja nikalisoma tukirudi, natembea kama kipofu, Mama Mdogo ananishika kiwiko tukivuka barabara. Humo ndani, dada akishafunga mlango haendi popote. Anasimama gizani, mgongo kwenye mbao, mkono kwenye komeo, analia bila sauti. Anasubiri mdogo wake agonge mara moja tu. Mdogo mtu hagongi, kwa kiburi. Wote wawili wanakaa hivyo, ubao mmoja katikati yao, mpaka alfajiri dada anafungua na kukuta kizingiti kitupu. Halafu miaka inapita, na mdogo mtu, sasa ni mtu mzima, anaona kwenye ubao wa ndani alama iliyofifia ya kiganja, na anaelewa. Niligonga nguzo ya taa. Nilikuwa nalia.

Mama alikuwa amesharudi, anapanga majora. Mama Mdogo akaliweka kunjo juu ya meza ya kukatia, akalitazama, kisha akamtazama dada yake. Nikajua amejifunza kwa nani.

"Dada, kitabu kilikuwa hakijaisha. Mpiga chapa alisahau. Mwisho wake ni huu."

Mama akavaa miwani. Tulisimama kama watuhumiwa. Akiwa katikati ya kusoma aliingia baba mmoja na binti yake, Mama akaweka kidole kwenye mstari aliofikia, akampima binti kiuno kwa mkono wa pili, akaniagiza sketi namba sita, akawauliza soksi. Kitabu hakuwaonesha. Ilikuwa mara ya kwanza. Walipoondoka akaendelea mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni lake.

"Nani alikwambia nilisimama nyuma ya mlango?"

"Hakuna aliyeniambia, dada. Niliandika tu."

"Maana sikusimama."

Mama Mdogo akafungua mdomo, Mama akainua mkono.

"Nilifunga, nikala. Nikanawa, nikalala. Na nililala vizuri, mdogo wangu, sitakudanganya. Nilikuwa na hasira mpaka hasira yenyewe ikanibembeleza. Asubuhi ndipo nikashtuka, nikaona nina nyumba na sina mtu."

"Ni hadithi, dada."

"Najua ni hadithi. Lakini ile iliyokuwa inauzwa hapa ni ya kweli. Hii ndiyo ya uongo." Alilipapasa kunjo kwa kiganja, vile anavyonyoosha kitambaa kabla ya kukikata. "Uongo mzuri."

Mimi nikashindwa kuvumilia. "Sasa Mama, kama ulidhani hivyo ndivyo anavyokuona, ulikuwa unakiuza cha nini?"

Akanigeukia kama niliyeuliza kwa nini mashati yana mikono.

"Nilimfungia mlango kwa sababu ya kitabu," akasema. "Amekuja na cha kwake. Nimfungie tena?"

Mama Mdogo alikaa kwenye kiti cha wateja, akalia kwa sauti, na koti lake la kliniki. Mama hakumkumbatia, si desturi yake. Alimsogezea kitambaa, mabaki ya sare ya chekechea, ajifute. Kisha akamuuliza kama amekula.

Mafurushi yale hatimaye yaliletwa, na mpaka leo yamo chini ya kitanda cha Mama Mdogo, kamba haijafunguliwa. Namba za wasomaji wake wote anazo. Angeweza kuwapigia mmoja mmoja, kila mtu afuate mwisho wake, na tulidhani atafanya hivyo kesho yake. Hakufanya. Kila akishika simu anajiuliza awape upi. Wakipewa ule wa chini ya kitanda watafurahi, na watakuwa wamedanganywa. Wakiachwa na mlango, watakuwa na ukweli ambao yeye hakukusudia kuuandika. "Sijui tena kitabu changu ni kipi," huniambia, nyuma ya rafu ya masweta. Muuza miwani bado anadai sehemu ya pili. Yale mafuriko ameyafuta.

Mama anaendelea kuuza kama kawaida, sketi, soksi, kitabu, na kitabu kinaishia mlangoni. Lile kunjo aliloletewa siku ile hakulirudisha. Juzi nilikuwa natafuta chaki ya kuchorea, nikavuta droo ya cherehani yake, nikakuta nakala yake mwenyewe, kona zimelegea kwa kusomwa. Sura ya ishirini imo ndani. Ameishona kwa uzi mweupe wa mashati, mshono mdogomdogo, ule anaouwekea kola. Nilimuuliza kama hiyo nayo niipeleke rafuni.

"Hiyo haiuzwi," akasema.